Gari Haliitiki Hodi

Safari yenyewe niliipanga kwa jedwali. Safu ya kwanza saa, ya pili mahali, ya tatu gharama, ya nne "gari litakaa wapi". Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji Dar es Salaam, na watu wa fani yetu tuna ugonjwa huo: kitu kisipopata kisanduku chake kwenye jedwali, hatuamini kwamba kipo. Tulikuwa watatu, mimi na wenzangu wawili wa darasani, na tulikuwa na siku moja tu ya kuuona Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla ya boti ya saa kumi jioni. Tulilala kwa mjomba wangu Mwanakwerekwe, na asubuhi akatuazima gari lake dogo jeupe, lenye kiti cha nyuma kilichochanika na tasbihi inayoning'inia kwenye kioo.

"Liache nje huko, muingie kwa miguu," alisema akinikabidhi ufunguo. "Mule si mwa gari."

Nilimwitikia vizuri, nikaondoka. Kwenye jedwali langu kulikuwa na dakika kumi za kuegesha. Nilizimaliza zote kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, nikipanda na kushuka mbele ya soko la Darajani. Kila nafasi ilikuwa na gari, na kila gari lilikuwa na mtu aliyekuwa karibu kuondoka lakini haondoki. Dakika ya kumi na tano nikakata kona upande wa Mkunazini na kuona mdomo wa kichochoro. Palikuwa patupu. Hapakuwa na kibao wala mstari uliochorwa chini. Nilipima kwa macho: mtu anapita, baiskeli inapita, hata mkokoteni ukiinama kidogo unapita. Nikaliingiza gari pua mbele, nikakunja vioo vya pembeni, nikafunga. Nakumbuka nilijisikia mjanja.

Tuliporudi ilikuwa baada ya adhuhuri. Tumbo lilikuwa limejaa urojo na simu imejaa picha za milango. Kichochoro kilikuwa kimejaa wanaume waliovaa kanzu, na juu ya mabega yao palikuwa na jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani.

Sikuwa nimelipima jeneza.

Walisimama kidogo mbele ya gari. Sikusikia mtu akipiga kelele wala kuuliza lile gari ni la nani. Wa mbele wakageuka ubavu, wakalipokeza jeneza juu kwa mikono iliyonyooka, wawili wakajibana kati ya mlango wa gari na ukuta, na yule marehemu, ambaye sitalijua jina lake, akapita juu ya boneti ya gari la mjomba akiwa ameinama upande mmoja. Mtu mmoja aliweka kiganja chini ya jeneza, kama unavyomwekea mtoto mkono anaposhuka kitandani. Kisha wakalirudisha mabegani, wakabadilishana zamu, wakaenda.

Nilikuwa nimesimama hatua kama ishirini hivi, ufunguo mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa barazani aliutazama ule ufunguo.

"Ndiyo yako?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, wameshapita."

Hakuongeza neno la lawama. Aliinuka taratibu, akawaita watoto wawili waliokuwa wakicheza nyuma ya gari wakae kando, akasimama katikati ya njia na kuniongoza kwa mkono nirudi nyuma nisigonge kizingiti cha mtu. Nilipotoka salama alinipungia kama anavyopungiwa mgeni aliyekula akashiba.

*

Kwenye boti wenzangu walinitetea, na utetezi wao ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hapakuwa na kibao, walisema. Hukuvunja sheria. Hukujua kuna msiba, na hakuna mgeni anayeweza kupanga ratiba yake kwa misiba ya watu asiowajua. Kama kosa lipo, ni la mamlaka ambazo hazijaweka alama.

Yote hayo ni kweli, na hakuna lililonisaidia. Mtu akiniambia hukuvunja sheria, amenijibu swali la polisi. Swali langu lilikuwa jingine: nilidhani nina haki gani juu ya pale mahali?

Nikirudi kwenye kumbukumbu, neno lililonidanganya ni lile "patupu". Niliona pahali hapana kitu, nikahitimisha kwamba pahali hapana mwenyewe. Ndiyo makosa ya kwanza tunayofundishwa kuyaogopa darasani, kwa sababu ramani nyingi mbaya zimeanzia hapo: mtu anatazama uwanda, haoni nyumba, anaandika "wazi". Lakini njia haiwi tupu kwa sababu haina mtu sasa hivi. Utupu wake ndiyo kazi yake, kama utupu wa kikombe. Ukiujaza umekivunja kikombe bila kukigusa.

Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya gari. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti ulioizaa. Vichochoro ni vyembamba kwa sababu wembamba huo unaleta kivuli, na kwa sababu kipimo chake kilikuwa mtu, punda na mzigo wa hamali. Mashariki yake palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga na Ng'ambo, na ukafukiwa baadaye. Jina la Darajani limebaki kukumbusha kwamba watu waliingia kwa kuvuka. Tangu mwaka 2000 mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Sisi wageni tunausifu kwa uzee wake, halafu tunakuja na chombo ambacho ule uzee haukijui, na tunashangaa kukosa pa kukiweka.

*

Katika somo la usafiri tulisoma kitabu cha Donald Shoup cha mwaka 2005, *The High Cost of Free Parking*. Hoja yake ni rahisi na ngumu kuipinga: hakuna maegesho ya bure. Ukiwa hulipi wewe, analipa mwingine, kwa kodi ya nyumba, kwa bei ya bidhaa, kwa moshi wa magari yanayozunguka kutafuta nafasi kama nilivyozunguka mimi pale Darajani. Dawa yake ni kuweka bei inayohakikisha kwamba daima kuna nafasi chache zilizo wazi, na fedha zile zirudi kwenye mtaa uleule zilikokusanywa.

Nilipokuwa nikisoma niliona jambo limekwisha. Baada ya Mkunazini nimebaki na shaka. Tuseme ule mdomo wa kichochoro ungekuwa na mtoza ushuru, nami nikalipa. Jeneza lingepita kirahisi zaidi? Lingekwama palepale. Tofauti ni kwamba mkononi, pamoja na ufunguo, ningekuwa na risiti, na ninajijua vya kutosha kuamini kwamba ile risiti ingenipa kiburi. Bei inatuambia nani anaweza kulipa. Haituambii nani anahitaji kupita. Nakubaliana na Shoup kuhusu barabara kubwa na viwanja vya pembezoni, na ningefurahi ushuru wa hapo ukarabati mitaro ya Mkunazini. Ila kuna mahali ambapo jibu si bei nzuri. Jibu ni "hapana", na mgeni anatakiwa awe na uwezo wa kulisikia hata lisipoandikwa.

Aliyenisaidia zaidi ni mtu ambaye sikumtegemea. Mwaka 1795 Immanuel Kant alichapisha kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu, na ndani yake akatenganisha haki mbili. Ya kwanza ni haki ya kuzuru: mtu yeyote anaweza kufika ardhi isiyo yake bila kutendewa kama adui, maadamu amekuja kwa amani. Sababu anayoitoa ni ya jiografia: dunia ni tufe, hatuwezi kutawanyika bila mwisho, kwa hiyo lazima tuvumiliane kukutana. Ya pili ni haki ya kuwa mgeni wa nyumbani, wa kulazwa na kulishwa. Hiyo hakuna aliyezaliwa nayo. Inahitaji mapatano ya pekee. Na Kant hakuishia hapo. Aliyalaumu mataifa ya biashara ya Ulaya kwa sababu kwao kuzuru nchi za watu na kuziteka lilikuwa jambo moja. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, kwa hiyo hapa mfano si wa kufikirika.

Nikajiuliza kuegesha kunaangukia upande gani. Nilipotembea kwa miguu kwenye kichochoro nilikuwa nazuru. Nilichukua nafasi ya mwili mmoja, nami nilikuwa ndani ya mwili huo, tayari kusogea. Gari langu halikuzuru. Lilikaa. Lilijipa makazi ya saa nne katika njia ya watu bila mapatano na yeyote, nami sikuwepo hata wa kuulizwa. Kuegesha, nikilitazama jambo hili bila huruma, ni kuacha sehemu yako kubwa na nzito mahali fulani bila kubaki nayo.

Hapo ndipo nilipolielewa vizuri neno ambalo nimelisema tangu utotoni. Mlangoni, anayefika hupiga hodi, na aliye ndani huitikia. Usipoitikiwa, unapiga tena, na ikifika mara ya tatu unaondoka bila kinyongo. Lakini kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hodi inageuka. Hamali mwenye mkokoteni huita "hodi hodi!" nyuma yako, na wewe uliyesimama ndiye unayeitikia, kwa kujibana ukutani. Mlangoni hodi inaomba kuingia; njiani inaomba kupita. Zote mbili zinadai kitu kimoja tu: pawe na mtu wa kuitikia. Wale waliobeba jeneza walifika mbele ya gari langu, na hata kama wangepiga hodi mara tatu, gari haliitiki. Ndiyo maana ikabidi maiti ainame.

*

Mwenzangu mmoja hakukubali. Alisema nimegeuza aibu yangu kuwa nadharia. Alinikumbusha Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Mawe ya matumbawe yanakunywa maji, alisema, na kuyatunza kunataka fedha nyingi, na fedha inakuja na wageni. Mkiwafanya wageni waogope hata kuegesha, mtabaki na vichochoro vipana vya kupitishia majeneza katikati ya magofu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ni hoja ya haki na siwezi kuipuuza. Ninachoweza kuuliza ni mwenyeji yupi anayepona. Fedha yangu ya siku ile ilienda kwa muuza urojo, kwa duka la vinyago na kwa mlango wa jumba la makumbusho. Hakuna hata shilingi iliyokwenda kwa waliojibana ukutani. Faida ilikuwa na njia zake na usumbufu ulikuwa na njia zake, na hazikukutana.

Tena kuna mji ambao umetatua swali la gari kabisa, na bado haujapona. Venice, Italia, magari yanaishia Piazzale Roma. Kutoka hapo ni miguu au mashua. Hata hivyo kisiwa kile kilichokuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951 kilishuka chini ya 50,000 mwaka 2022, na Aprili 2024 jiji likaanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku zilizochaguliwa. Magari yako nje, na wenyeji nao wengi wako nje. Kumbe si gari peke yake linaloweza kuegeshwa. Nyumba nayo huegeshwa: mtu anaishika, anaondoka, inakaa imefungwa ikisubiri mgeni wa wiki mbili, na ukibisha hodi hakuna anayeitikia.

Kwa mji wa Waswahili hili si jambo la kupendeza macho tu. Jeneza linahitaji mabega, na mabega yale ni ya majirani, hayakodishwi. Tunaweza kuhifadhi kila mlango wa Mji Mkongwe na kila boriti, na siku moja mtu akafa pale Mkunazini, kichochoro kikiwa cheupe hakina hata gari moja, na wakakosekana wa kumbeba.

*

Limebaki swali la lini, ambalo nilidhani ndilo jepesi. Vitabu vya wageni vinashauri Juni hadi Oktoba, au Desemba hadi Februari, na vinaonya juu ya masika. Ni ushauri sahihi kuhusu mvua. Lakini kalenda hiyo ina hali ya hewa yangu tu. Haina Ijumaa, saa ambayo njia za kwenda msikitini zinajaa. Haina Ramadhani, wala jioni ya Idi. Kupanga ziara kwa kutazama mawingu peke yake ni kudhani kwamba kule niendako hakuna kinachotokea isipokuwa mimi.

Zamani upepo ndio uliokuwa ukipanga. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na mgeni aliyefika Januari hakuwa na hiari ya kuondoka jioni. Alikaa miezi. Alilazimika kujua msikiti upi uko karibu, nani kafiwa, nani anamdai nani. Sitaki kuyapamba majahazi hayo. Mengine yalibeba watu waliouzwa, na hatua chache kutoka pale nilipoegesha ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo sasa pana kanisa kuu la Anglikana. Wapo waliofika mji huu bila kuulizwa lini wala wapi. Nataka kusema jambo dogo tu: mgeni asiyeweza kuondoka upesi hujifunza kujibu hodi. Mimi nilikuwa na boti ya saa kumi.

Msiba hauna kalenda, hilo wenzangu walisema kweli. Hakuna jedwali ambalo lingeniambia. Lakini kwa sababu hiyohiyo mipango mizuri ya mgeni haiwezi kuwa ile inayojua kila kitu. Ni ile inayoacha nafasi kwa asichokijua: kufika mapema, kuliacha gari mahali ambapo kutokuwepo kwako hakumbebeshi mtu mzigo, na ukishindwa kabisa, kuandika namba ya simu kwenye karatasi na kuiweka kwenye kioo, ili angalau ukiitwa uitike. Mjomba alijua haya yote katika sentensi mbili. Mimi nilihitaji mihula mitatu na jeneza.

Nilirudi Mei mwaka huu, katikati ya masika, peke yangu. Gari nililiacha uani kwa mjomba nikapanda daladala hadi Darajani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na vichochoro vilikuwa na madimbwi. Nilitafuta lile baraza. Mzee hakuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa, nami sikuwa na jina lake la kumuulizia. Pale nilipoegesha palikuwa patupu. Nilisimama hapo nikipatazama kama mjinga, nikijaribu kukumbuka tairi la mbele lilifika wapi, na nyuma yangu nikasikia, "Hodi hodi!"

Nikajibana ukutani. Mkokoteni wa magunia ya viazi ukapita, gurudumu likinirushia tope kwenye suruali.

"Ahsante, kaka," alisema hamali, bila kugeuka.